Njia ya Kigwa na Hadithi za Nchi Zilizoharibika

Mtu atokaye Tabora akishika njia ya mashariki hufika Kigwa. Leo ataona hapo mashamba, ng'ombe malishoni, na watoto waendao shule na madaftari mikononi. Hataona alama ya kumwambia kwamba njia hii ndiyo njia kuu ya zamani, iliyopitwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kurudi, yenye nguo, ushanga, baruti, pembe na watumwa. Wala hataona alama ya kumwambia kwamba mahali hapa paliwahi kuwa mahame. Walakini ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Juni mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita Rubuga, kisha akapita Kigwa, akaandika kwamba amezikuta nchi hizo mbili zimeharibiwa. Aliandika maneno machache tu, kisha akaendelea na safari yake.

Tumeanza na habari hii kwa kuwa twataka kujibu swali tuulizwalo mara nyingi na wazazi, na hata na walimu wenzetu. Je, inafaa vijana wa sekondari, katika somo la Kiingereza, wasomeshwe hadithi za nchi zilizoharibika, yaani hadithi zenye watawala wabaya, watu wanaowindwa, na miji iliyovunjika? Wazazi husema kwamba dunia ina huzuni ya kutosha, hakuna haja ya kuinunua tena katika vitabu. Walimu husema kwamba Kiingereza chenyewe ni kigumu kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, basi kwa nini kumwongezea mzigo wa mambo ya kutisha? Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini sisi twaona kwamba kijana wa Kigwa anayo haki ya kusoma hadithi za namna hiyo kuliko vijana wengi, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza na tuangalie asili ya hadithi hizo. Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alitoa kwa Kilatini kitabu kiitwacho Utopia, akasimulia habari za kisiwa kisichokuwako, chenye sheria na desturi zisizofanana na za nchi yake. Baada yake waandishi wengi walisimulia nchi za kuwaza tu, nyingine njema na nyingine mbaya. Katika karne ya ishirini nchi mbaya zilizidi, maana watu walikuwa wameona vita kubwa mbili na watawala wakatili. Mwaka 1945 George Orwell alitoa hadithi yake ya wanyama waliomfukuza bwana wao, kisha wakatawaliwa vibaya na wenzao nguruwe. Mtanzania Fortunatus Kawegere aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama.

Lakini mtu asidhani kwamba sisi tulingoja tafsiri ndipo tupate hadithi ya namna hii. Mwaka 1951 Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amekwisha kutoa Kusadikika. Hiyo ni nchi iliyo angani, ambamo kijana Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu mbinguni na chini ardhini, wakaleta elimu ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote. Lakini kitabu kilitolewa wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya serikali ya Waingereza, na msomaji aliyekuwa na akili alijua kwamba mwandishi hakuwa akisema juu ya mawingu. Jina lenyewe lasema: ni mambo yawezayo kusadikiwa.

Hapa ndipo tunapoona tofauti iliyo kubwa. Wasomaji wengi wa Ulaya walizipokea hadithi hizi kama onyo la mambo yatakayokuja: angalieni, msije mkafika huku. Kwetu sisi hadithi hizi ni onyo, naam, lakini tena ni kumbukumbu. Mambo ambayo kwingine huwazwa, njiani hapa kwetu yametendeka. Na tuyatazame.

Richard Burton na John Hanning Speke walipita njia hii mwaka 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Burton hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu wa Afrika, lakini nchi ya Unyamwezi aliisifu kuwa ni kama bustani ya katikati ya Afrika. Msafiri aliyekuwa amevuka pori la Mgunda Mkali kwa kiu na hofu alifurahi kuona tena vijiji na vyakula. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi mashuhuri. Walishuka pwani kwa hiari yao kwa ajili ya ujira, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa kuwa mtoto bado.

Miaka michache baadaye mtemi mpya wa Unyanyembe, Mnywa Sere, alitaka bidhaa za wageni zilipiwe kodi. Waarabu waliokaa Tabora hawakukubali. Walimwondoa katika utemi, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na Mnywa Sere akawa mtu wa porini, akipigana mara huku mara huku. Mwaka 1861 alimwendea Speke, aliyekuwa safarini mara ya pili, akamweleza shauri lake na kumwomba ampatanishe na Waarabu. Speke alijaribu, lakini upatanisho haukutimia. Vita viliendelea mpaka Mnywa Sere alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Nchi za njiani ndizo zilizolipa. Msafara ukikosa chakula huchukua, askari akikosa mshahara huteka, na mkulima aliyechomewa ghala mara mbili hapandi mara ya tatu. Wahenga walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Basi Stanley alipopita mwaka 1871 aliyaona mahame. Tena haikupita hata miezi mitatu, yeye mwenyewe akashika bunduki upande wa Waarabu kumpiga Mirambo, mtemi wa Urambo. Walishindwa, na mwezi wa Agosti mwaka ule Mirambo na rugaruga wake walichoma sehemu ya mji wa Tabora. Mirambo alikufa mwaka 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani mpaka Januari mwaka 1893, na alipoona boma lake limeingiwa, aliwasha baruti aliyokuwa ameiweka akiba, asikamatwe mzima. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na misafara ikakoma. Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilifika navyo, na Wabelgiji wakautwaa mji. Mtu aliyezaliwa mwaka ule Burton alipopita, kama aliishi miaka sitini, aliona mambo haya yote kwa macho yake.

Tumeyahesabu haya kwa utaratibu ili msomaji aone jambo moja. Kigwa haikuharibiwa na radhi ya mababu, wala na nyota mbaya. Iliharibiwa na mambo yenye sababu: bei ya pembe, wingi wa bunduki, ugomvi wa kodi, na watu wenye nguvu waliokataa kupatana. Na jambo lenye sababu laweza kuchunguzwa, na lililochunguzwa laweza kuzuiwa lisirudi.

Sasa na tuje shuleni. Serikali ya Waingereza ilifungua Shule ya Tabora mwaka 1925, hapo kwanza kwa ajili ya wana wa watemi. Julius Nyerere aliingia huko mwaka 1937, na baada ya masomo ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, tangu mwaka 1946 hata 1949. Katika siku hizo somo la Kiingereza lilikuwa somo la vitabu vya Waingereza. Hatusemi vitabu hivyo vilikuwa vibaya. Nyerere mwenyewe alimpenda Shakespeare hata akaifasiri habari ya Kaisari, ikatolewa mwaka 1963, wakati yeye alipokuwa Rais. Bila shaka aliona kwamba shauri la wale waliomwua mtawala wao, kisha wakaipata nchi yenye vita badala ya nchi huru, halikuwa la Rumi peke yake. Lakini mwanafunzi aliyesoma vitabu hivyo tu alijifunza, bila ya kuambiwa, kwamba mambo makubwa hutokea kwingine, na kwamba kwao hakuna lililostahili kuandikwa.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 1958 Chinua Achebe wa Nigeria alitoa Things Fall Apart, na mwaka 1962 kitabu hicho kikawa cha kwanza katika mfululizo wa waandishi wa Afrika uliochapishwa London kwa bei ambayo shule ziliweza. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe, na maandiko ya Afrika yawekwe katikati ya masomo badala ya pembezoni. Polepole vitabu vya Waafrika viliingia katika mitaala ya nchi zetu, na hata leo somo la Kiingereza katika sekondari za Tanzania linavyo vitabu vya Afrika.

Mmoja katika vitabu vilivyopata kusomwa kwetu ni A Man of the People cha huyo huyo Achebe. Twakitaja kwa kuwa ni hadithi ya nchi iliyoharibika, tena inaanzia shuleni. Msimulizi wake, Odili, ni mwalimu. Waziri Nanga anayekuja kuitembelea shule hiyo alikuwa mwalimu pia, tena ndiye aliyemfundisha Odili alipokuwa mtoto. Nchi yao haina jina katika ramani, kama Kusadikika isivyokuwa nalo. Fedha za umma zaliwa, wapinzani wapigwa, kura zaharibiwa, na mwisho askari wapindua serikali. Kitabu kilitoka London mwezi wa Januari mwaka 1966, na mwezi ule ule, tarehe 15, askari walipindua serikali ya Nigeria kweli kweli. Achebe hakuwa mpiga ramli. Alitazama sababu zilizokuwa mbele ya macho ya watu wote, akazifuata mpaka mwisho wake. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi ya namna hii.

Tena mambo haya si ya Afrika tu. Huko Kanada wako wenyeji wa asili waliokaa nchi ile kabla ya Wazungu. Tangu karne ya kumi na tisa mpaka miaka ya 1990, watoto wao zaidi ya 150,000 waliwekwa katika shule za bweni za serikali na makanisa, mbali na wazazi, na wengi wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Wengi hawakurudi nyumbani. Tume iliyochunguza jambo hilo ilimaliza kazi yake mwaka 2015. Miaka miwili baadaye, yaani 2017, mwandishi Cherie Dimaline, wa kabila la Métis, alitoa hadithi iitwayo The Marrow Thieves. Ni habari ya siku zijazo, ambapo watu wengine wote wamepoteza uwezo wa kuota ndoto, isipokuwa wenyeji wale. Basi wanawindwa ili uboho wa mifupa yao ufanywe dawa, na mahali wanapopelekwa huitwa shule. Kitabu hicho husomwa na vijana wa sekondari katika masomo ya Kiingereza huko Kanada. Hata bodi kadhaa za shule katika jimbo la Ontario zimeweka mwaka mzima wa somo la Kiingereza uwe wa maandiko ya wenyeji hao.

Nasi tulio walimu, na wasomaji wa gazeti la misheni, hatuna budi kusoma habari hiyo kwa unyenyekevu. Nyumba iliyojengwa kwa jina la elimu na jina la Mungu iligeuka kuwa mahali pa kuwavunja watoto. Twafikiri kwamba mwanafunzi wa Kanada anayeisoma hadithi ile hasomi ndoto za mwandishi. Anasoma habari za bibi yake, zilizohamishwa miaka mingi mbele ili aweze kuzitazama pasipo kugeuza uso. Tena katika hadithi ile mzee mmoja mwanamke, Minerva, anapotiwa mikononi mwa adui, anaimba kwa lugha ya wazee wake, na mitambo ya adui yaharibika. Mwandishi ataka kusema kwamba lugha waliyokatazwa shuleni ndiyo iliyobeba nguvu yao.

Basi mwalimu wa Kiingereza huku kwetu afanyeje? Na tuseme tulilojionea wenyewe. Zamani tuliwaagiza wanafunzi waandike kwa Kiingereza habari ya mji ulioharibika. Wengi waliandika habari za London na New York, miji ambayo hawajaiona, yenye majengo marefu yanayoanguka. Sentensi zilikuwa zimeazimwa, na hofu yenyewe ilikuwa ya kuazima. Mwaka mwingine tulianza kwa kuwasomea darasani habari za njia ya misafara, kisha tukawatuma wakaulize wazee wao nyumbani, kwa Kinyamwezi au kwa Kiswahili, ndipo waje waandike kwa Kiingereza. Kiingereza chao hakikuwa safi kuliko cha wale wa kwanza. Lakini kila mmoja alikuwa na jambo la kusema, akatafuta maneno ya kulisema, na mtu atafutaye neno kwa haja ndiye ajifunzaye lugha. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona Kigwa imo katika kitabu cha mgeni, na katika vitabu vyetu haimo?" Hatukuwa na jibu zuri la kumpa.

Swali la mtoto yule ndilo moyo wa shauri hili. Wale waliosoma Things Fall Apart wanakumbuka mwisho wake. Mtawala wa Kiingereza anausimamia mwili wa Okonkwo, naye anawaza kitabu atakachoandika, ambamo mtu huyo na msiba wake watapata aya moja ya kutosha. Achebe aliandika kitabu kizima ili kuijibu aya ile moja. Kigwa nayo ilipata mistari michache katika kitabu cha msafiri aliyekuwa na haraka. Nani alichomewa tembe yake, nani alikimbia na mtoto mgongoni, nani alirudi kwanza akafyeka majani na kupanda tena, hayo Stanley hakuyaandika. Yasipotafutwa sasa, kwa wazee waliosikia kwa wazee wao, hayatapatikana kamwe.

Kwa hiyo shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili. Hadithi ya nchi iliyoharibika isomeshwe kwa maswali matatu. La kwanza: ni nini kilichoiharibu nchi hii, na dalili zake zilianza kuonekana lini? La pili: nani anaisimulia habari hii, na ni sauti ya nani isiyosikika? La tatu: ni nani waliobaki, nao walianza vipi upya? Maswali haya yaweza kuulizwa juu ya Kusadikika, juu ya nchi ya waziri Nanga, na juu ya msitu wa Kanada. Lakini yaulizwe kwanza juu ya Kigwa, maana huko majibu yake mtoto atayasikia kwa lugha aliyonyonya.

Twawarudia sasa wazazi waliosema kwamba vitabu hivi vina huzuni. Ni kweli vinayo. Lakini katika Maandiko Matakatifu kimo kitabu kizima cha Maombolezo juu ya mji uliovunjwa, na hakuna aliyesema kiondolewe kwa sababu kinahuzunisha. Tena twasoma habari za Nehemia, kwamba alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kuita mafundi. Alitoka usiku akazunguka, akazitazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, ndipo akawaambia watu wainuke wajenge. Mtu asiyekubali kutazama palipobomoka hujenga juu ya kifusi.

Kigwa imejengwa tena, wala si na msafiri yeyote aliyeandika kitabu. Imejengwa na watu wasiojulikana majina yao, waliorudi katika mahame na mbegu. Watoto wao ndio hao tunaowaona asubuhi njiani na madaftari yao. Tusiwape hadithi tamu tu, wala tusiwape hadithi za kutisha za nchi za mbali tu. Tuwape na hii yao, wajue kwamba nchi yaweza kuharibika katika muda wa miaka kumi na minne tu, tangu Burton hata Stanley, na kwamba dalili zake huanza kwa mambo madogo ambayo wakubwa hukataa kuyasuluhisha. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana aliyefundishwa kuuona ufa, na kuutaja kwa lugha yake na kwa lugha ya wageni pia, huyo amesoma.